Jinsi ya Kuunganisha Kompyuta ya Linux na Intaneti ya Waya Inayodai Jina na Nywila

Na Mwandishi Wetu

Huduma nyingi za Serikali hivi sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu katika mfumo wa HESLB, mhitimu hutafuta kazi kupitia Ajira Portal, na mfanyabiashara husajili jina la biashara BRELA bila kupanga foleni. Kwa mwananchi ambaye siku ya mwisho ya maombi imekaribia, kompyuta isiyounganika si usumbufu mdogo. Ni fursa inayoweza kupotea.

Makala haya yanaeleza namna ya kuiunganisha kompyuta inayotumia mfumo wa Linux na intaneti ya waya kwa utaratibu uitwao PPPoE, na jinsi ya kutambua tatizo lilipo endapo muunganisho utagoma.

PPPoE ni nini?

Utaratibu huu ulichapishwa rasmi mwaka 1999. Unafanana na ule wa zamani wa kupiga simu ili kuingia kwenye intaneti, isipokuwa hapa hakuna namba inayopigwa. Kompyuta hutuma wito kupitia waya, mtambo wa mtoa huduma huitika, kisha huuliza jina la mtumiaji na nywila. Zikikubaliwa, kompyuta hupewa anwani na mawasiliano huanza. Kwa maneno mengine, waya ni barabara tu. Jina na nywila ndivyo vinavyofungua lango.

Ni muhimu kufahamu kwamba si kila mteja anahitaji kufanya kazi hii. Ikiwa ruta uliyopewa huingia yenyewe kwa mtoa huduma, inatosha kuchomeka waya kwenye kompyuta. Maelekezo haya yanamhusu mtu ambaye modemu yake hupitisha mawasiliano bila kuingiza jina na nywila.

Hatua za kufuata

Kwanza, hakikisha unalo jina la mtumiaji na nywila uliyopewa na mtoa huduma. Nywila hiyo si ile ya Wi-Fi. Andika herufi kubwa na ndogo kama zilivyo, na kama jina lina alama ya @ na maneno yanayoifuata, usiyaache.

Pili, unganisha modemu na kompyuta kwa waya wa mtandao, kisha subiri taa ya laini kwenye modemu itulie.

Tatu, kwa matoleo ya Debian na Ubuntu, sakinisha programu ya pppoeconf kwa amri "sudo apt install pppoeconf". Kwa kuwa usakinishaji huhitaji intaneti, unaweza kuazima kwa muda ile ya simu ya mkononi kupitia waya wa USB.

Nne, andika "sudo pppoeconf". Programu itakagua kadi za mtandao, itatafuta mtambo wa mtoa huduma, kisha itauliza jina na nywila. Itauliza pia kama muunganisho uanze kila kompyuta inapowashwa. Baada ya hapo, amri "pon dsl-provider" huwasha muunganisho na "poff dsl-provider" huuzima.

Anayependelea madirisha badala ya amri anaweza kufungua programu ya nm-connection-editor, kuongeza muunganisho wa aina ya DSL na kujaza taarifa hizo hizo.

Muunganisho ukigoma

Kabla ya kumwita fundi, andika "plog" usome kumbukumbu za muunganisho. Ukikuta maneno "Timeout waiting for PADO packets", wito wako haujaitikiwa. Kagua waya, modemu na hali ya huduma. Kubadilisha nywila hakutasaidia. Ukikuta "authentication failed", waya ni mzima na mtambo umeitika, ila jina au nywila imekataliwa. Ukimpa mtoa huduma taarifa hii, atajua mahali pa kuanzia.

Tatizo la tatu huwachanganya wengi: baadhi ya tovuti hufunguka na nyingine hukwama. Kifurushi cha kawaida cha data kwenye waya hubeba hadi baiti 1500, lakini PPPoE hutumia baiti 8 kwa taarifa zake, hivyo hubaki 1492. Vifurushi vinavyozidi kiwango hicho huweza kupotea njiani. Programu ya pppoeconf ikiuliza kuhusu kupunguza kipimo cha MSS hadi 1452, jibu ndiyo.

Usalama

Kompyuta iliyounganishwa kwa njia hii kwa kawaida hukabiliana na intaneti moja kwa moja, bila ruta ya kuikinga. Sakinisha programu ya kinga ya ufw na uiwashe kwa amri "sudo ufw enable", ambayo kwa kawaida huzuia maombi yanayotoka nje. Aidha, nywila yako huhifadhiwa katika mafaili ya /etc/ppp. Yaache yasomwe na msimamizi wa kompyuta pekee, na usimpe mtu mwingine nakala yake.

Wananchi wanashauriwa kufanya maandalizi haya mapema, na si siku ya mwisho ya maombi, ili hata hitilafu ikitokea upatikane muda wa kuirekebisha.