Negativu au Picha ya Karatasi? Uteuzi wa Chanzo katika Kuskani Picha za Zamani za Ufipa

Mtafiti anayekusanya picha za zamani mjini Sumbawanga hukumbana mapema na tatizo la umiliki. Familia zina picha za karatasi, ilhali negativu zilibaki kwa mpigapicha, na mara nyingi hazipatikani tena baada ya yeye kufariki au kuhama. Hali ya Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, si ya kawaida. Kwa hiyo swali la chanzo kipi kiskaniwe huulizwa pale tu vyote viwili vinapopatikana. Makala hii inalishughulikia swali hilo kwa kuzingatia picha zinazokusudiwa kusambazwa mtandaoni.

Kwa upande wa vipimo, fremu ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ikiskaniwa kwa pikseli 2,400 kwa inchi hutoa takribani pikseli 3,400 kwa 2,270. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, kwa pikseli 300 kwa inchi, hutoa takribani 1,770 kwa 1,180. Kuongeza kipimo cha skana hakuongezi taarifa ambayo karatasi haikuipokea. Aidha, karatasi haibebi tofauti zote za mwanga zilizomo katika negativu. Uso uliofichwa na kivuli cha kofia huweza kuonekana katika negativu tu.

Hata hivyo, msomaji anayetazama picha kwa simu hahitaji pikseli nyingi kiasi hicho, na kifurushi chake cha intaneti kinamshukuru mtafiti aliyeipunguza. Kwa usambazaji pekee, karatasi iliyo safi inatosha. Negativu nayo ina usumbufu wake: ya rangi ina tabaka la rangi ya chungwa linalopaswa kusahihishwa, na katika filamu ya nyeusi na nyeupe mfumo wa infraredi wa kuondoa alama za vumbi haufai, kwa kuwa chembe za fedha huizuia mionzi hiyo. Anayejua upepo wa kiangazi wa Sumbawanga ataelewa uzito wa jambo hili.

Suala zito zaidi ni ushahidi. Ufuaji wa chuma wa Wafipa, pamoja na tanuri zake ndefu ziitwazo malungu, ulielezwa na Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa kuwa uyeyushaji huo haufanyiki tena, mkao wa mikono katika picha ni data. Katika uwandani niliskani negativu ya mhunzi akifua jembe, nikaiweka upande usio sahihi. Mwanawe, mzee wa makamo, aliitazama akasema, “Baba hakuwa na shoto.” Nilikuwa nimekwisha kuandika aya nzima kuhusu mkono wa kushoto. Kinga ni rahisi: upande unaong’aa ndio unaomwelekea mtazamaji, na namba za pembeni mwa filamu husomeka sawasawa. Picha ya karatasi ya tukio hilohilo ingalinionya papo hapo.

Karatasi pia ina mgongo. Huko nyuma huandikwa majina, tarehe, au muhuri wa studio, mambo ambayo negativu haiyajui. Ndiyo maana sikubaliani na mkabala unaoichukulia karatasi kuwa nakala dhaifu tu. Nimeskani pande zote mbili za kila picha, na negativu kila ilipopatikana, kisha nikaziunganisha kwa namba moja ya kumbukumbu.

Limebaki jambo la ridhaa. Ukanda wa negativu huwa na fremu ambazo mwenye picha hakuzichagua zisafishwe: mtu aliyefumba macho, mgonjwa, msiba. Picha ya karatasi ilikwisha kukubaliwa na familia ikatundikwa ukutani. Fremu hizo hazikukubaliwa na mtu yeyote. Katika mkusanyo huu zimehifadhiwa, lakini haziwekwi mtandaoni hadi familia izione na kuamua.