Tanga Tunayoijua (Sehemu ya Sita): Mji Unaofikika kwa Baiskeli

Magazeti ya miezi hii hayaishi kuitaja Tanga. Leo ni bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani. Kesho ni bandari, ambako kina cha maji gatini kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na meli zilizokuwa zikitia nanga nje, shehena ikafuatwa kwa matishari, sasa zinafunga gatini zenyewe. Habari hizi nazipokea kwa furaha, maana bandari yetu imelala muda mrefu. Lakini karibu kila taarifa inamalizia kwa kusema kuwa Tanga itakuwa jiji kubwa kama mengine, na hapo ndipo ninaposita. Wasemao hivyo hawajawauliza wakazi wanapenda nini katika mji wao jinsi ulivyo.

Wanapenda kwamba kila kitu ki karibu. Mtu wa Makorora au Ngamiani anaweza kutoka kwake saa kumi na mbili asubuhi, akateremka Dipsii kununua changu au pweza aliyetoka majini, akarudisha kitoweo nyumbani, akanywa chai, na saa moja na nusu akawa kazini bila kukaa foleni hata mara moja. Mwenzake wa Dar es Salaam saa hiyo bado yuko barabarani, amesimama ndani ya basi. Jioni mtu wa Tanga ana muda wa baraza, kahawa na kashata. Ana muda wa kwenda Mkwakwani Coastal Union wanapocheza, na siku ya mapumziko wanawe wanaoga baharini Raskazone. Machungwa yanatoka Muheza, mboga zinateremka Lushoto, samaki wako mlangoni; ni miji michache ya pwani yetu inayokula mlima na bahari kwa siku moja. Maji ya bomba yanatoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na aliyewahi kuishi mji usio na maji anajua thamani yake.

Raha hii haikushuka kutoka mbinguni, ina historia. Magofu ya Tongoni na mapigano ya Waingereza na Wajerumani ya Novemba 1914 nimekwisha kuyaeleza katika sehemu zilizotangulia, kwa hiyo leo naingia moja kwa moja kwenye reli, ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa mji huu.

Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893. Ilikuwa reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, na ilikwenda kwa kusuasua. Ilifika Muheza 1896 na hapo fedha zikakauka. Kampuni iliyoijenga ikashindwa, serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua mwaka 1899. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita 350 hivi! Wanaolalamika leo kuwa miradi inachelewa wangesoma habari za reli hii wangepata subira.

Mwaka uleule wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Nimelisimulia jambo hili kwa wanafunzi wengi na halijawahi kunichosha, kwa sababu miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zaidi ya laki mbili, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilishuka kwa reli hadi bandari ya Tanga.

Mkonge ulihitaji mikono, na mikono ikaletwa kutoka mbali: Kigoma, Unyamwezi, Burundi, Msumbiji. Ndio walioitwa manamba. Walifanya kazi ngumu kwa ujira mdogo, na wengi hawakurudi kwao. Wakaoa, wakajenga, wakazika wazazi wao hapa. Kwa hiyo ukipita Ngamiani leo unakuta Mdigo, Mbondei na Msambaa wamepakana na Mha na Mmakonde, na Kiswahili kimewafanya wote kuwa watu wa nyumba moja. Taarabu ya Black Star, na ya Lucky Star iliyomeguka kutoka humo, ilipigwa kwa mchanganyiko huo, na sauti ya Shakila binti Said ilivuka mpaka wa Kenya bila hati ya kusafiria.

Reli iliukata mji pande mbili, na hili nataka msomaji alishike. Upande wa bahari, penye upepo na miti mikubwa, kuelekea Raskazone, walikaa Wazungu. Katikati kulikuwa na maduka ya Wahindi. Waafrika waliwekwa ng'ambo ya reli, Ngamiani, katika mitaa iliyonyoshwa kwa kamba na kupewa namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kupita ya ishirini. Ramani hiyo ilichorwa kwa ubaguzi, wala sitaipamba. Lakini waliosukumwa huko waligeuza mistari ile kuwa mji unaoeleweka. Mgeni akiambiwa nyumba iko barabara ya nane hahitaji kuelekezwa mara mbili. Hata Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alimalizia utumishi wake katika ofisi ya upimaji hapa Tanga katika miaka ya 1950. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba bingwa wa lugha yetu alikuwa pia mtu wa ramani na viwanja.

Ardhi tambarare, mitaa iliyonyooka na kazi isiyo mbali na nyumba: hapo ndipo baiskeli ilipotawala. Mfanyakazi wa bandari alikwenda nayo zamu, mvuvi alibebea samaki, mwalimu alimpakia mkewe kwenye keria wakaenda arusini. Wanawake wa Tanga walipanda baiskeli kwenda sokoni, vitenge vimefungwa vizuri, na hakuna aliyewashangaa. Baiskeli haili mafuta, haipigi kelele, haimwagi moshi kwenye pua ya mtoto, na inamlazimisha mtu kumsalimu jirani anayepishana naye. Nasema wazi kuwa mji unaosalimiana una adabu kuliko mji unaopigiana honi. Vijana wetu wa bodaboda ni watafutaji wa riziki na nawaheshimu, ila mwendo wao katika barabara za namba unawafukuza wazee na watoto wenye baiskeli, na wakubwa wenye dhamana wanatazama tu. Barabara zinapanuliwa, lami inamwagwa, na njia ya baiskeli haimo kwenye mchoro.

Nimetumia nafasi kubwa kwa ya kale, na ya leo yamebakiwa na pembe ndogo. Nayasema kwa ufupi. Uhuru uliondoa mpaka wa reli. Mtoto wa barabara ya kumi na tano alivuka akaenda kuoga Raskazone, na hakuna aliyemzuia. Sasa, kadiri thamani ya ardhi inavyopanda kwa ajili ya bandari na bomba, kuta zinaota ufukweni, na njia za miguu za kuteremkia majini zinazibwa moja baada ya nyingine. Ubaguzi wa rangi uliondoka; wa mfuko tukiufumbia macho utachukua nafasi yake palepale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni usioendelezwa ovyo. Viongozi wa mitaa wanaijua, na wenye viwanja wanaijua pia.

Madiwani wa Jiji la Tanga, kabla ya kugawa kiwanja kingine kimoja cha pwani, chukueni ramani mweke alama kwenye kila njia ya kwenda baharini ambayo wananchi wameitumia tangu Uhuru, kisha iandikeni kuwa mali ya umma. Choreni na njia za baiskeli kutoka Ngamiani hadi bandarini wakati barabara bado hazijajengewa kingo. Nanyi wakazi, vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Nendeni mkae, msikilize ardhi ya pwani inavyozungumzwa. Sehemu ya saba itaingia mapango ya Amboni.