Vumbi Lisifike ku Lupango: Vestieri, Dushi na Desturi ya Kuvua Nguo ku Kazi



Leo ninaomba tuzungumuze juu ya jambo lenye wengi wetu wanaliona ni la haya, na juu ya ile haya tunaliachaka pembeni: kuvua nguo ku kazi, mbele ya watu wengine, na kuoga mbele ya kurudia nyumbani. Ninafanya kazi ya usalama na usafi wa wafanyakazi huku Kolwezi. Swali lenye ninaulizwaka mara mingi haliko juu ya kaske wala juu ya mashine. Ni hili: "Yaya, juu ya nini nioge ku kazi, na miye niko na maji kwangu?"

Jibu fupi ni hili: maji ya kwako yanakuja kisha vumbi kufika. Wakati unafungua robine, vumbi limekwisha kupita ku moto ya wewa, ku kiti cha salo, na ku shingo ya mutoto mwenye alikukimbilia ku mulango. Jibu refu njo hili lenye kufuata.

Vumbi lenyewe

Mawe ya kwetu yako na shaba na kobalti. Kobalti inaweza kuwasha ngozi paka inatoa ukurutu, na inaweza kuleta pumu. Mu mwaka wa 2022, shirika la utafiti wa kansa la OMS liliweka chuma cha kobalti na chumvi zake zenye kuyeyuka mu kundi 2A, maana yake ni vitu vyenye vinaelekea kuleta kansa kwa mutu. Tena vumbi la mawe liko na silika, yenye kuharibu mapafu polepole.

Hapa kwetu tuko na mufano wenye dunia yote inasoma. Mu Kasulo, mu mwaka wa 2014, watu waligundua minerai chini ya nyumba zao na wakaanza kuchimba mu lupango. Watafiti wa Université de Lubumbashi, pamoja na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven mu Ubelgiji, walipima wakaaji 72 wa Kasulo na wakawalinganisha na watu 25 wa mutaa wa karibu wenye hauna machimbo. Kazi hiyo ilitoka mu 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi zaidi mu mukojo na mu damu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa wale watoto waliona hata alama za kuharibika kwa ADN. Mutoto hachimbe, lakini anacheza chini, anaweka mikono mu kinywa. Vumbi la chini njo chakula chake.

Utafiti mwingine ulitoka mu 2020, mu gazeti la The Lancet Planetary Health. Ulifanyika mu Lubumbashi, ukalinganisha watoto 138 wenye walizaliwa na kilema chenye kuonekana na wengine 108 wenye hawakuwa nacho. Jambo lenye lilijitokeza sana lilikuwa kazi ya baba: watoto wa baba wenye kazi ya mugodi ao ya minerai walikuwa zaidi mu kundi la wenye kilema. Utafiti wa namna hiyo hauonyeshe ni njia gani sumu ilipita. Lakini unatuambia jambo moja wazi: kazi ya baba haibakie ku kazi.

Vestieri inatumika namna gani

Vestieri ya muzuri haiko chumba cha kutundika nguo tu. Ni mupaka. Iko na upande safi, upande muchafu, na dushi katikati sawa vile daraja.

Asubui unaingia ku upande safi na nguo za nyumbani. Unaziweka mu kabati lako: shati, viatu, simu, pete, na mukate kama unao. Unapita na taulo na sandali za mupira, unafika ku upande muchafu, kule njo kwenye unavaa salopeti, bote na maske. Jioni unarudia kinyume. Unasafisha bote ku maji mbele ya kuingia. Unavua salopeti polepole, bila kuikung'uta, juu kuikung'uta ni kulirudisha vumbi mu hewa na mu pua. Unaitia mu pipa ya nguo za kufua. Kisha unaoga: kichwa njo cha kwanza, kisha uso, ndevu, masikio, na chini ya kucha. Unatoka ku upande safi na unavaa nguo zenye hazikuona vumbi tangu asubui.

Kanuni ya mwisho njo yenye kuvunjwa sana: salopeti haiende nyumbani. Kampuni njo inafua. Kama bibi yako anafua salopeti mu beseni moja na nguo za mutoto, ile dushi yote ilikuwa ya bure.

Mu migodi ya zamani ya Ulaya walikuwa na namna yao. Kila mutu alitundika nguo zake ku ndoano, akazivuta ku munyororo paka juu karibu na dari, kule kwenye hewa ya moto inazikausha. Ukiangalia juu unaona nguo nyingi zinaning'inia sawa watu, njo maana Wafaransa waliiita chumba cha walionyongwa. Wajerumani walitenga vyumba viwili, cheusi na cheupe. Wazo ni lile lile: nguo za kazi na nguo za nyumba zisikutane.

Wamama njo waliomba

Kuna watu wanafikiri mambo haya ni starehe ya Wazungu. Hapana. Kule pia ilipiganiwa. Mu Uingereza, sheria ya 1911 ilisema mabafu yanaweza kujengwa ku mugodi kama theluthi mbili ya wafanyakazi wanapiga kura ya kukubali. Wanaume wengi hawakutaka: waliona haya, na wengine waliamini kuosha mugongo kila siku kunautia uzaifu.

Wenye walisukuma jambo hilo sana walikuwa wanawake. Mu 1919, Elizabeth Andrews wa Wales alisimama na wenzake mbele ya tume ya serikali juu ya makaa ya mawe. Walieleza kazi ya bibi wa muchimbaji: kubeba maji ya moto kila siku, kufua nguo nzito zenye uchafu, na namna uzito ule ulikuwa unaharibu mimba. Mu 1926 sheria ikaweka ushuru juu ya mirahaba ya makaa, na franga zile zikajenga mabafu ku migodi mingi. Kumbe vestieri ilijengwa juu ya muke na mutoto sawa vile juu ya mwanaume.

Leo hii ni kanuni ya dunia. Mapatano nambari 176 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya 1995, juu ya usalama mu migodi, yanaomba wafanyakazi wapate vyoo vya kutosha, na mahali pa kunawia, pa kubadilisha nguo na pa kulia, na paangaliwe pawe safi. Mu Marekani, kanuni ya 1978 juu ya risasi inakataza mufanyakazi wa mahali penye risasi mingi kutoka na nguo yenye alivaa ku kazi.

Haya ni ya kweli

Sasa tufike pagumu. Niliona kampuni moja ikijenga dushi ya muzuri: vigae vyeupe, maji ya moto, yote. Kisha mwezi, watu wanapita pale wanalowesha nywele tu na kutoka. Mushefu mumoja akasema: "Bantu ba huku habapendake maji." Haikuwa vile. Dushi ilikuwa chumba kimoja wazi, bila ukuta wa kutenga. Mu ekipi moja mulikuwa mwanaume na baba mukwe wake. Mulikuwa vijana wa miaka 22 na wazee wenye wanawaita baba. Kwetu, mutu kuona uchi wa baba mukwe wake haiko kichekesho, ni jambo lenye linaweza kuomba mbuzi na kikao cha familia. Mutu mwenye akili atachagua vumbi.

Na tena kulikuwa mulinzi. Alisimama ndani na nguo zake zote, bote na kofia, kusudi kuangalia kama mutu haibe sabuni. Mwenye nguo kusimama mbele ya wenye uchi, hiyo njo ilimaliza watu.

Hata kwenye watu wanapenda uchi, mambo hayaende ovyo. Mu Ufaransa kuko mutaa mukubwa wa kupumuzikia wenye unaitwa Cap d'Agde, kwenye wageni wanatembea uchi mu njia na hata ku duka. Lakini desturi ni kali: unabeba taulo yako na unaitandika mbele ya kuikala ku kiti cha watu wote. Na wafanyakazi wa duka na wa mukahawa mara mingi wanabakia na nguo zao. Maana yake ni nini? Uchi mbele ya wengine unabebwa na desturi yenye kila mutu anaijua: nani anavua, wapi, anakalia nini, na nani anaweza kuangalia. Desturi ikikosa, mutu anajificha. Ikiwa vile kwa wenye walilipa franga kusudi wavue, sembuse baba wa familia wa Musonoi ao wa Kapata mwenye anataka tu kuondoka ku kazi.

Ile kampuni iliponyesha shida hiyo bila kuvunja nyumba. Waliweka kuta za kutenga na pazia nzito ku kila dushi. Waligawanya saa, wazee wa ekipi wanaoga kwanza. Mulinzi alitolewa inje ku mulango, na kazi ya sabuni akapewa muzee mumoja wa ndani mwenye aliheshimiwa na wote. Mwanamuke wa kusafisha anaingia tu wakati mulango umefungwa na alama iko inje. Kisha wiki mbili maji yalianza kutumika kweli, na pipa ya salopeti ikajaa.

Kwa wanawake, wenye siku hizi wanaendesha makamyo makubwa na kufanya kazi mu laboratware, inaomba vestieri yao yenyewe, yenye kufungwa kwa ndani, na pipa yenye kifuniko mu choo juu ya siku za mwezi. Konteneri moja yenye mulango wa kuazima kwa wanaume haiko vestieri.

Wenye kubakia inje

Shida kubwa ya kwetu haiko vigae. Ni orodha. Mara mingi mutu wa kampuni kubwa iko na kabati yenye jina lake, lakini mutu wa sutretansi, mwenye anafanya kazi mu vumbi lile lile ao zaidi, anakuja na salopeti kutoka nyumbani na anarudia nayo. Ukiwaangalia jioni ku barabara ya Luilu, utajua nani ana kabati na nani hana: angalia rangi ya mabega.

Na wachimbaji wa mikono, na wamama wenye wanaosha minerai ku muto? Kwao hakuna upande safi hata kidogo. Sawa vile kule Kingamyambo, kwenye mabaki ya kiwanda cha Kolwezi yalimwangwa kwa miaka mingi, kiangazi upepo hauulize nani ana kontra.

Basi tufanye nini? Wale kati yetu wenye wako mu ofisi za mipango, kumbukeni kuchora ukuta wa kutenga mbele ya kuchora vigae, na muhesabu watu wa sutretansi mu hesabu ya makabati. Wenye wako mu usindika: Code du travail ya 2002 inaomba kamati ya usalama na usafi ku kazi, muombe ndani yake vitu vitatu kwa maandishi: dushi yenye kutenga, kufua salopeti ku kampuni, na kabati mbili kwa kila mutu.

Na kwa mwenye hana vestieri leo, kuna namna ya kupunguza. Weka nguo za kazi mu mufuko wa plastiki mbele ya kupanda moto. Weka ndoo, sabuni na pazia ku kona ya lupango, inje ya nyumba. Bote zibakie inje. Beseni ya nguo za kazi iwe moja, ya peke yake, na maji yake yasimwangwe kwenye watoto wanachezea. Mutoto akikukimbilia, mwambie kwa upole angoje kidogo. Dakika kumi tu. Kisha umubebe vizuri.