KIDONDA KISICHOPONA

Mama mpendwa, unapoleta mutoto kilinike unauliza juu ya uzito, homa na kuhara. Leo tuangalie ngozi. Kuna ugonjwa unaoanza na kidonda kidogo, tena hauumi. Kwa sababu hauumi, watu wanauacha miaka mingi.

Ni ugonjwa gani?

Ngozi iko na matabaka. Tabaka la chini la ngozi ya juu ndilo linazaa ngozi mpya kila siku. Jua kali likiliharibu kwa muda mrefu, sehemu ndogo inaanza kuzaa ovyo, bila kusimama. Hiyo ndiyo kansere ya ngozi.

Aina moja inakwenda polepole sana. Ni mara chache inahamia viungo vingine vya mwili, lakini inakula mahali ilipo: pua, sikio, kando ya jicho. Aina nyingine inakwenda mbio zaidi, na inaweza kufika kwenye tezi za shingo, kwapa ao kinena. Mwanzo zinafanana. Munganga anakata kipande kidogo, kinapimwa, ndipo inajulikana ni ipi.

Ni nani anapatwa?

Kwa Wazungu, aina ya polepole ni kansere ya kawaida sana. Sisi weusi rangi yetu inatukinga. Lakini albino hana rangi ile. Jua la Dilolo linamuchoma hata wakati wa baridi wa Juni na Julai, na anaweza kupata kansere akiwa kijana bado. Na mutu mweusi mwenye kovu la moto ao kidonda cha mguu cha miaka mingi, kinaweza kugeuka ile aina ya mbio.

Mama uliyezaa albino, usikubali kulaumiwa. Kukosa rangi kunatoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama ni weusi. Kila mumoja amebeba alama iliyofichwa katika damu ya ukoo wake. Kwa kila mimba yao, nafasi ni moja kwa ine. Si ulozi, si laana, si uzinzi.

Alama za kuangalia

1. Uvimbe mdogo unaong'aa kama ushanga, ao wenye rangi nyeusi.
2. Kidonda kinachotoa damu, kinafunga gamba, kisha kinafunguka tena.
3. Kidonda kisichopona baada ya wiki ine.
4. Kidonda ao kovu la zamani linaloanza kukua, ukingo unakuwa mugumu.

Ukiona moja, njoo. Usiseme, «Haiumi, nitaenda lopitalo kufanya nini?» Usikikate na wembe, usikiweke dawa ya kuchoma. Kikiwa kidogo, munganga anakiondoa chote, na mara nyingi mambo yanaisha hapo. Kikiachwa, pengine itabidi kuondoa sikio zima ao jicho.

Kukinga mutoto albino

Angalia kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali: akae chini ya muembe ao ndani ya nyumba. Ukienda shambani ao kuanika muhogo, mufunike na kitenge. Akikua, avae kofia yenye ukingo mupana na nguo za mikono mirefu.

Mafuta ya mawese na vazelini hayazuii jua. Kuna mafuta ya kuzuia jua: huko Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, wanatengeneza yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya albino. Ukipata mafuta ya namna hiyo, mupake usoni, masikioni, shingoni na mikononi, lakini asiache kofia.

Tena, omba mwalimu amuketishe mbele, mbali na jua la dirisha, maana macho yake hayaoni vizuri mbali.

Mara moja kwa mwezi, muogeshe mahali penye mwanga na utazame ngozi yake yote: nyuma ya masikio, midomo, shingo, mikono. Ukikuta kidonda, hesabu wiki. Ine zikipita hakijapona, usingoje ya tano.