Maiki ya nusu milioni chini ya paa la mabati

Saa tisa alasiri, Nyalenda. Mwimbaji yuko kwenye ubeti wa pili na sauti imekaa vizuri kweli. Mara tone la kwanza linagonga mabati. La pili. Prodyuza anavua hedifoni bila kusema neno, maana anajua hakuna kurekodi tena mpaka mvua ikatike.

Prodyuza huyo ana miaka 24 na alikuwa ameniita nimshauri. Ana akiba ya miaka mitatu kwenye chama, na yuko tayari kuongezea mkopo ili anunue Neumann U87. Anaamini akiwa nayo, wasanii wa Kisumu hawatapanda tena basi la usiku kwenda kurekodi Nairobi.

Namuelewa. U87 ilitoka 1967 na hadi leo ndiyo maiki inayotajwa kwanza ukiuliza studio kubwa zinatumia nini kwa waimbaji. Lakini U87 Ai, toleo linalouzwa sasa, bei yake ya ng'ambo inakaribia Sh500,000 kabla hujalipa ushuru.

Ndani ya maiki ya kondensa mna utando mwembamba mno uliopakwa dhahabu, unaotazamana na bamba la chuma. Sauti ikiutikisa utando, volteji iliyopo hapo hubadilika. Ndiyo sababu inahitaji volti 48 kutoka kwenye saundikadi. Wepesi wa utando huo unanasa hata pumzi ya mwimbaji, lakini pia unanasa tuktuk inayopita, jogoo wa jirani na lile tone la mvua. Maiki ghali haichagui cha kusikia.

Wengi hudhani ukilipa zaidi unapata ukimya zaidi. Wapi! Kelele ya maiki yenyewe kwa Rode NT1-A, ya kama Sh30,000, ni desibeli 5. Neumann TLM 103, inayopita Sh150,000, ina 7. U87 Ai ina 12. Ya bei ya chini ndiyo tulivu kuliko zote.

Basi unalipia nini? Kwanza rangi ya sauti. NT1-A hung'arisha sana upande wa juu, na mwimbaji wa ohangla mwenye sauti kali atakuchoma masikio kila akitamka "s". U87 huiacha katikati ya sauti ikae mbele bila ukali huo.

Pili, na hapa ndipo niliposita kumkataza, U87 ina namna tatu za kusikiliza: mbele peke yake, pande zote, au umbo la nane, yaani mbele na nyuma huku ubavuni ikiwa kiziwi. Fikiria mpiga nyatiti. Anaimba huku anapiga nyuzi nane, pete ya chuma kidoleni mwa mguu inagonga mti wa ala, na njuga zinalia. Huwezi kumwambia aimbe kando. Ukiweka umbo la nane na kugeuza ubavu wa maiki uelekee nyatiti, unapata sauti yake ikiwa imejitenga vizuri. TLM 103 haina hiyo. Husikiliza mbele tu.

Hata hivyo, wateja wake wengi ni wa rap na injili, na dari hana. Nilimwambia aanze na dari, mapazia mazito na magodoro ukutani, kisha arekodi usiku mtaa ukishatulia. Akibaki na chumba hicho hicho, Shure SM7B ya kama Sh50,000 itamfaa zaidi. Si kondensa, na kelele za mbali haizinasi sana. Sauti za Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya 1982 zilirekodiwa kwa SM7, ndugu yake mkubwa.

Akiamua kununua kondensa, aende dukani na mwimbaji wake na hedifoni zake, asikize mbili tatu kwa ubeti mmoja. Na ajihadhari na feki. Halafu kuna unyevu wa ziwa. Ukilala kwenye utando, maiki huanza kutoa mikwaruzo kama mafuta ya mandazi. Kazi ikiisha, irudi kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Mvua ilipokatika nilimwacha amesimama juu ya kiti, anapima dari kwa futi kamba. Mwimbaji alikuwa anauliza kama wanaendelea na ubeti wa pili.