Tanuru la Mababu Si Kichuguu



Mjini Nairobi kuna Makumbusho ya Reli. Yalifunguliwa mwaka 1971. Humo zimewekwa injini za zamani za garimoshi, zilizoendeshwa kwa mvuke. Injini moja ina uzito wa tani 250 hivi. Imepewa jina la Mlima Gelai, ulioko kwetu Tanzania. Injini za aina yake zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Injini za dizeli zilipochukua kazi hiyo, hii haikukatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Ilitunzwa, ili watoto waione na kujifunza.

Sisi wa Sumbawanga hatuna reli. Reli za karibu ziko Mpanda na Tunduma. Je, hatuna cha kutunza? Tunacho. Ni malungu.

Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma. Wazee wa Ufipa walilijenga kwa udongo, likafika kimo cha meta 3 hivi. Chini waliacha matundu. Ndani walipanga makaa na mawe yenye chuma. Moto ulipopanda juu ulivuta hewa kutoka chini. Kwa hiyo uliwaka bila kuvukutwa. Baadaye chuma kilichomwa tena katika tanuru dogo, kwa mivukuto. Kisha wahunzi walifua majembe, mashoka na mikuki. Wakati wa kuyeyusha chuma, mafundi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe.

Mimi ni bwana shamba. Nayapenda matuta ya Ufipa, ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zikaoza na kuwa mbolea. Je, wazee wangepandishaje matuta hayo bila jembe? Jembe lilitoka katika ilungu. Majembe ya kiwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, malungu yakazimika.

Malungu yaliyobaki yako mashambani na porini. Mvua inayala. Mbuzi wanayapanda. Mkulima mwingine hubomoa tanuru akidhani ni kichuguu. Likianguka halirudi. Fundi aliyelijenga hayupo tena.

Basi, ukiwa na tanuru shambani kwako, fanya haya:

1. Usilime karibu nalo. Acha nafasi ya hatua kumi kila upande.
2. Zungushia uzio wa miti, mifugo isiingie.
3. Usichukue udongo wala mawe yake.
4. Mwulize mzee jina la kila sehemu ya tanuru. Sasa unajua kuandika. Andika majina hayo katika daftari.
5. Mpe habari mtendaji wa kijiji. Sheria ya kulinda mambo ya kale ipo tangu mwaka 1964.

Uzio huo haugharimu fedha. Miti unayo, na mikono unayo. Anza kabla ya masika, kwa maana tanuru lenye ufa halingoji.