Laptopu Imezima: Nunua Mita Kwanza, Fundi Baadaye

Laptopu ikizima ghafla hapa Kaloleni, Voi, una njia tatu: kuipima mwenyewe, kuipeleka kwa fundi wa mjini, au kuituma Mombasa au Nairobi. Anza kwa kuipima. Ndiyo njia rahisi kwa mfuko, na majibu yake yatakulinda ukifika kwa fundi.

Mita ipi? Multimita ya kawaida ni kama shilingi 500 hadi 1,000. Yenye kupima pia kapasita kwa maikrofaradi hufika 2,000 na zaidi. Usilipe ziada hiyo. Kapasita nyingi za laptopu zimeunganishwa sambamba, kwa hiyo ukiigusa moja bodini, mita husoma jumla ya zote za njia hiyo. Unachotafuta ni shoti, na mita ya bei ya chini inatosha, mradi iwe na mlio. Ijaribu dukani: gusanisha ncha mbili, usikie. Uliza pia kama betri imo ndani, maana nyingine huuzwa bila.

Pima chaja kwanza. Tumia kipimo cha volti 200 DC. Chaja iliyoandikwa 19.5 ikisoma sifuri, huenda bodi haina kosa lolote. Chaja mpya ni nafuu kuliko kufungua mashine.

Chaja ikiwa nzima, pima kapasita. Chomoa chaja, fungua mashine, tenganisha betri, weka mita kwenye mlio. Ncha nyeusi iwe kwenye tundu la skrubu lenye shaba. Nyekundu iguse pande zote mbili za kapasita ndogo za kahawia zilizo karibu na tundu la chaja. Upande mmoja ukilia ni kawaida, ndio wa hasi. Pande zote mbili zikilia bila kukatika, njia hiyo ya umeme ina shoti. Mlio mfupi unaokatika ni kapasita inajaa chaji tu.

Kapasita zinazozunguka prosesa usizihukumu kwa mlio. Hapo ukinzani huwa mdogo sana hata bodi ikiwa nzima.

Mita inapoishia. Kapasita kumi za njia moja zitalia zote, ilhali mbovu ni moja. Kuipata kunahitaji kuingiza umeme kidogo na kutazama ipi inapata moto, kisha kuitoa kwa mashine ya hewa moto. Usijaribu kwa pasi ya kulehemu redio. Utang'oa njia za shaba, na tengenezo dogo ligeuke hasara kubwa.

Fundi wa Voi au wa mbali? Kapasita yenyewe ni shilingi chache, na mara nyingi hutolewa kwenye bodi kuukuu. Unalipia mkono na mashine. Fundi wa Voi mwenye hewa moto ndiye chaguo la kwanza, kwa kuwa ikizima tena wiki ijayo unamrudia kwa miguu.

Nairobi, hasa Luthuli Avenue, vipuri ni vingi zaidi. Lakini jumlisha ada ya kifurushi kwenda na kurudi, makato ya kutuma pesa kwa simu, na siku za kukaa bila mashine. Ikirudi mbovu, unalipa usafiri upya.

Popote uendapo, uliza mambo matatu kabla ya kuiacha: pesa ya kupima inakatwa kwenye bei ya kazi? Dhamana ni ya siku ngapi? Nitarudishiwa kipuri cha zamani? Toa diski yenye kazi zako ubaki nayo.

Wakati wa kuacha. Ukiambiwa bodi nzima ibadilishwe, mwonyeshe fundi ulipopata shoti, umwombe apime mbele yako. Laptopu ya mtumba huanzia karibu shilingi 15,000. Gharama ya tengenezo, pamoja na usafiri, ikipita nusu ya hapo, weka pesa yako kwenye mashine nyingine. Diski yako bado unayo, na mita itakufaa kupima hiyo ya mtumba kabla hujalipa.